Louisa Lawson: Mwanamke wa Sydney aliyeshawishi umma kwa kalamu

Mara hii tunaelekea kusini kabisa mwa dunia, katika mji wa Sydney nchini Australia, kumwangalia mwanamke ambaye hakuwa na cheo, hakuwa na mali, hakusoma chuo chochote na wala hakuwa na haki ya kupiga kura, lakini aliweza kubadilisha rai za watu wengi kwa kalamu na kwa kauli. Mwanamke huyo ni Louisa Lawson, aliyeishi kuanzia mwaka 1848 hadi mwaka 1920.

Huenda baadhi yenu mnalifahamu zaidi jina la mwanawe wa kwanza, Henry Lawson, mwandishi mashuhuri wa hadithi fupi na mashairi ambaye picha yake iliwekwa katika noti ya dola 10 ya Australia mwaka 1966. Hata hivyo ni mama huyu ndiye aliyechapisha kitabu cha kwanza cha mwanawe, na ni yeye aliyewafunza maelfu ya wanawake wa nchi hiyo kwamba hoja iliyopangwa vizuri inaweza kufungua mlango ambao nguvu haiwezi kuufungua.

Suala la namna ya kumshawishi mtu kwa maneno ni la kale sana. Mwanafalsafa wa Kigiriki Aristotle, aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Miladia, alieleza kuwa msikilizaji hushawishika kwa njia tatu: anapomwamini msemaji mwenyewe, anapoguswa hisia zake, na anaporidhishwa na hoja. Wataalamu wa balagha wa mataifa mbalimbali wameyarejea mafundisho hayo kwa karne nyingi. Lakini kuna swali moja ambalo mafundisho hayo hayalijibu kikamilifu. Je, afanye nini mtu ambaye jamii imekwishaamua kutomsikiliza hata kabla hajafungua kinywa? Hoja yake itamfaa nini ikiwa hakuna sikio la kuipokea? Maisha ya Louisa Lawson ni jibu la swali hilo, na ndiyo sababu tumeona yanafaa kuzingatiwa.

Louisa alizaliwa tarehe 17 Februari mwaka 1848 huko Guntawang, karibu na mji mdogo wa Mudgee, zaidi ya kilomita 200 kaskazini magharibi mwa Sydney. Wakati huo Australia haikuwa nchi moja bali makoloni kadhaa ya Uingereza, na eneo hilo lilikuwa katika koloni la New South Wales ambalo makao yake makuu yalikuwa Sydney. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watoto 12 wa Henry Albury na mkewe Harriet. Alisoma katika skuli ya Mudgee na kuonyesha kipaji kiasi kwamba ilipendekezwa abakie hapo kujifunza ualimu. Lakini nyumbani kulikuwa na wadogo wa kulelewa, na kama ilivyokuwa kwa wasichana wengi wa zama hizo, Louisa alirudishwa jikoni.

Mwezi Julai mwaka 1866, akiwa na umri wa miaka 18, aliolewa na Niels Larsen, baharia kutoka Norway aliyeacha meli na kwenda kutafuta dhahabu. Jina hilo la Kinorway baadaye lilibadilika na kuwa Peter Lawson. Mwaka uliofuata, tarehe 17 Juni 1867, mtoto wao Henry alizaliwa huko Grenfell, mahali palipokuwa na machimbo ya dhahabu. Walijaaliwa kupata watoto watano, lakini mmoja wa mapacha wa kike waliozaliwa mwishoni alifariki dunia akiwa bado mchanga.

Maisha ya mashambani yalikuwa magumu. Mume alikuwa akiondoka kwa muda mrefu kwenda kutafuta dhahabu au kufanya kazi za ujenzi, na mke alibaki peke yake na watoto, ng'ombe na ukame. Louisa alishona nguo, aliuza maziwa na kusimamia posta ya kijiji. Posta hiyo ilikuwa kwa jina la mumewe, ingawa mfanyakazi alikuwa yeye. Hatuna budi kulizingatia jambo hili, kwani lilimfunza mapema kwamba kazi ya mwanamke ilihesabika pale tu ilipoandikwa jina la mwanaume.

Ni hapo pia ndipo alipofanya kampeni yake ya kwanza. Kijiji chao cha Eurunderee hakikuwa na skuli. Louisa alikuwa mstari wa mbele katika kudai ijengwe, na mwaka 1876 skuli hiyo ilifunguliwa ikiwa ni kibanda cha mbao na magome ya miti. Ilikuwa ni ushindi mdogo machoni pa watu wa mjini, lakini kwa mama wa kijijini aliyenyimwa fursa ya kuendelea na masomo, hilo lilikuwa somo kubwa. Alijionea kuwa mamlaka iliyo mbali hubadili uamuzi wake iwapo watu wa kawaida watadai haki yao bila ya kuchoka.

Mwaka 1883 Louisa alihamia Sydney pamoja na watoto wake wadogo. Ndoa yake ilikuwa imefikia mwisho kivitendo, ingawa hakukuwa na talaka. Alipokea wapangaji nyumbani, akafua na kushona ili kupata riziki. Sydney ya miaka hiyo ilikuwa mji wa bandari uliokuwa ukikua kwa kasi na uliojaa midahalo. Siku za Jumapili watu walikuwa wakikusanyika katika bustani kubwa ya Domain kusikiliza wasemaji wa kila aina, tangu wahubiri hadi wapinzani wa ufalme. Magazeti yalikuwa mengi na kila kundi lilikuwa na jukwaa lake. Lakini wasemaji hao takriban wote walikuwa wanaume, na wahariri pia walikuwa wanaume.

Mwaka 1887 Louisa alitumia akiba yake ndogo kununua gazeti la The Republican, lililokuwa likitetea fikra ya Australia kujitawala kama jamhuri. Alilihariri pamoja na mwanawe Henry, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa miaka 20. Gazeti hilo halikudumu, lakini kutokana nalo Louisa alijifunza jinsi ya kupanga herufi za risasi, kuendesha mashine ya kuchapia na kutafuta matangazo. Kwa maneno mengine, hakujifunza tu namna ya kusema bali alijifunza pia namna ya kumiliki chombo cha kusemea. Tofauti ya mambo haya mawili ni kubwa. Anayemwomba mhariri nafasi ya barua yake anasubiri huruma ya mwingine, ama mwenye mashine yake hasubiri.

Tarehe 15 Mei mwaka 1888 lilitoka toleo la kwanza la jarida la The Dawn, yaani Alfajiri. Louisa aliliandika chini ya jina la kubuni la Dora Falconer na kuliuza kwa peni 3. Lengo lake lilikuwa kuwa sauti ya wanawake wa Australia, ambao aliona kuwa kila kundi lina gazeti la kulisemea isipokuwa wao. Jarida hilo liliendelea kutoka kila mwezi kwa muda wa miaka 17, na likasomwa si katika Sydney peke yake bali katika makoloni mengine na hata nchi za nje.

Hebu sasa tuangalie mbinu alizotumia katika kuwashawishi wasomaji wake, kwani hapo ndipo ilipo siri ya mafanikio yake.

Mbinu ya kwanza ilikuwa kumwendea msomaji pale alipo. The Dawn haikuwa na makala za siasa tupu. Ndani yake mlikuwa na maelekezo ya mapishi na ushonaji, ushauri wa malezi na afya, mitindo ya nguo, mashairi na hadithi fupi. Pembeni mwa hayo ndipo zilipowekwa habari za wanawake wa Uingereza na Marekani, hoja kuhusu sheria ya ndoa, na madai ya haki ya kupiga kura. Mwanamke aliyeishi katika shamba la mbali, ambaye jirani yake wa karibu alikuwa umbali wa masaa mengi kwa farasi, aliweza kulinunua kwa ajili ya ruwaza ya gauni, kisha akajikuta anasoma kwa nini hana haki sawa na mumewe juu ya watoto aliowazaa mwenyewe. Mume naye hakuona ubaya wa jarida la mapishi kuingia nyumbani mwake.

Baadhi ya watu wanaweza kuiita mbinu hiyo kuwa ni hila. Sisi hatuoni hivyo. Louisa alikuwa ameishi maisha hayo hayo kwa karibu miaka 20 na alijua kuwa jiko na sheria havitengani. Mwanamke anayehangaika kupata unga wa watoto kwa sababu mume amelewa mshahara wote, anahitaji maarifa ya kupika kwa kidogo alichonacho, na anahitaji pia sheria ya kumlinda. Kumpa la kwanza na kumnyima la pili kungekuwa ni kumsaidia nusu.

Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki watakumbuka mfano ulio karibu na nyumbani. Mwaka 1955 Bibi Titi Mohamed alipopewa jukumu la kuwaleta wanawake katika chama cha TANU mjini Dar es Salaam, hakuanza kwa kuwaita kwenye mikutano ya kisiasa waliyokuwa hawaijui. Aliwaendea katika vikundi vyao vya ngoma, mfano lelemama, ambako tayari walikuwa wakikutana, wakiaminiana na wakisikilizana. Bahari mbili na zaidi ya nusu karne vinawatenganisha wanawake hawa wawili, lakini wote walifahamu kuwa sikio huwa lipo mahali fulani, na msemaji ndiye anayepaswa kulifuata.

Mbinu ya pili ilikuwa kuthibitisha kwa vitendo. Wapinzani wa haki za wanawake walidai kuwa mwanamke hawezi kazi za ufundi wala uongozi. Badala ya kujibu kwa maneno pekee, Louisa aliajiri wanawake kupanga herufi, kuchapa na kuendesha shughuli za ofisi. Ilipofika mwaka 1889 alikuwa na wafanyakazi wanawake wapatao 10. Kila toleo la jarida lilikuwa ushahidi mkononi mwa msomaji. Aliyelishika tu, hata kabla ya kusoma neno, alikuwa ameshika kitu kilichodaiwa kuwa hakiwezekani.

Ushahidi huo ulizusha mgogoro mkubwa. Chama cha wapiga chapa cha New South Wales, ambacho hakikuwa tayari kuwapokea wanawake kuwa wanachama, kilimtaka Louisa awafukuze wafanyakazi wake. Kilidai kuwa wanawake watakubali ujira mdogo na hivyo kuwanyang'anya wanaume kazi. Alipokataa, kilianzisha kampeni ya kulisusia jarida lake na kuwashawishi wafanyabiashara wasitoe matangazo humo. Kwa jarida dogo lisilo na tajiri nyuma yake, matangazo ndiyo uhai. Iwapo Louisa angeshindwa, si jarida pekee ambalo lingezama bali na riziki ya wanawake wote waliokuwa wakifanya kazi hapo pamoja na watoto wake mwenyewe.

Namna alivyojibu ni somo tosha kwa kila anayetaka kujua maana ya ushawishi. Hakuwatukana wafanyakazi wala hakuunga mkono matajiri dhidi yao, jambo ambalo lingekuwa rahisi. Alichukua kile ambacho chama hicho chenyewe kilikuwa kikikiamini na kukirejesha mbele yao. Vyama vya wafanyakazi viliundwa kwa hoja kwamba wanyonge wakiungana wanaweza kujilinda mbele ya wenye nguvu. Louisa alionyesha kuwa chama hicho, baada ya kupata nguvu kwa njia ya umoja, sasa kilikuwa kikiwaonea walio wanyonge zaidi yake, na kwamba ubinafsi wa wafanyakazi walioungana haukuwa bora kuliko ubinafsi wa wenye mitaji. Aidha palikuwa na mgongano ulio wazi: chama kinacholalamika kuwa wanawake hawalindwi na kanuni za ujira, ndicho kilichowafungia mlango wa ulinzi huo.

Hoja ya aina hii ina nguvu kwa sababu haimtaki mpinzani aache imani yake, bali inamtaka aitekeleze. Jarida halikufa. Wasomaji waliendelea kulinunua, wanawake waliendelea kupanga herufi, na kampeni ya kulisusia ikashindwa kufikia lengo lake.

Mbinu ya tatu ilikuwa kuwafunza wengine kusema. Mwezi Mei mwaka 1889 Louisa alianzisha klabu iliyopewa jina la jarida lake. Humo wanawake walikutana kujadili masuala ya maisha, kazi na marekebisho ya jamii, na jambo muhimu zaidi, walijizoeza kusimama na kuhutubia. Ni vyema tukumbuke kuwa kwa mwanamke wa zama hizo kuzungumza hadharani ilikuwa ni aibu. Wengi walikuwa na hoja nzuri vifuani mwao, lakini miguu iliwatetemeka mbele ya watu. Louisa aliwapa mahali pa kutetemeka bila ya kuchekwa, hadi walipozoea. Pamoja na hayo alifanikiwa kuishawishi taasisi mashuhuri ya elimu ya watu wazima mjini humo, Mechanics' School of Arts, iwaruhusu wanawake kujiunga na klabu zake za midahalo.

Kiongozi anayependa sifa hutaka asikike yeye tu. Louisa alielewa kuwa sauti moja, hata ikiwa kali kiasi gani, huchoka au hunyamazishwa. Mwaka 1891 ilipoundwa jumuiya ya kupigania haki ya kura kwa wanawake wa New South Wales, ambayo katibu wake alikuwa Rose Scott, wanawake waliokwishazoea kusema walikuwapo tayari. Louisa alichaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la jumuiya hiyo, na akairuhusu itumie ofisi na mashine zake kuchapisha vipeperushi bila ya malipo.

Mbinu ya nne ilikuwa subira na kurudia. Bandu bandu huisha gogo, walisema wahenga. Mwezi baada ya mwezi jarida lilirejea maswali yale yale kwa sura mpya. Sheria hutiiwa na wanaume na wanawake, je, ni nani aliyeamua zitungwe na upande mmoja tu? Kwa nini mwanamke aliyetelekezwa, au anayepigwa na mume mlevi, afungwe na ndoa hiyo maisha yake yote? Kwa nini kusiwe na wanawake wa kusimamia wafungwa wanawake, au wa kukagua viwanda wanamofanya kazi wasichana? Hayakuwa madai ya ajabu. Yalikuwa maswali ambayo kila anayeyajibu kwa uadilifu hufika mwenyewe pale alipotaka Louisa afike. Na mtu huishika zaidi rai aliyoifikia mwenyewe kuliko ile aliyolazimishwa.

Matunda yalianza kuonekana kidogo kidogo. Mwaka 1892 koloni la New South Wales lilipitisha sheria ya kupanua sababu za talaka, ambapo kutelekezwa, ulevi wa kupindukia na ukatili viliingizwa. Si kwamba Louisa peke yake ndiye aliyeileta sheria hiyo, kwani wapo wanasiasa walioipigania kwa miaka kadhaa, lakini The Dawn ilikuwa miongoni mwa sauti zilizoifanya ieleweke majumbani. Mwaka 1893 wanawake wa New Zealand walipata haki ya kupiga kura, na mwaka 1894 wakafuatiwa na wanawake wa Australia Kusini. Mwaka huo huo wa 1894 Louisa alichapisha kitabu cha kwanza cha mwanawe Henry kwa mashine zake mwenyewe.

Tarehe Mosi Januari mwaka 1901 makoloni ya Australia yaliungana na kuwa nchi moja, na sherehe kubwa zilifanyika katika bustani ya Centennial mjini Sydney. Mwezi Juni mwaka 1902 bunge la shirikisho liliwapa wanawake haki ya kupiga kura na kugombea ubunge, na mwezi Agosti mwaka huo huo bunge la New South Wales nalo liliwapa wanawake wa jimbo hilo haki ya kupiga kura. Louisa alitambulishwa mbele ya wabunge kama mama wa haki ya kura kwa wanawake. Alikuwa na umri wa miaka 54.

Hata hivyo wakati huo mwili wake ulikuwa umekwishadhoofika. Mwaka 1900 alirushwa kutoka kwenye tramu mjini Sydney, akavunjika goti na kuumia uti wa mgongo, na akalazimika kulala kitandani kwa muda mrefu. Jarida la The Dawn lilifungwa mwaka 1905. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya upweke na maradhi. Mwanamke ambaye silaha yake ilikuwa akili na kumbukumbu alianza kupoteza vyote viwili, na tarehe 12 Agosti mwaka 1920 aliaga dunia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Gladesville mjini Sydney. Alizikwa katika makaburi ya Rookwood. Mwanawe Henry alipofariki miaka miwili baadaye, serikali ilimfanyia mazishi ya kitaifa. Mama hakufanyiwa hivyo. Ilichukua muda mrefu hadi mwaka 1975 ndipo picha yake ilipowekwa katika stempu ya posta ya Australia, na mwaka 2012 matoleo ya jarida lake yakawekwa kwenye intaneti na maktaba ya taifa baada ya watu wa kawaida kuchangishana fedha za kazi hiyo.

Wasomaji wapenzi, tungeweza kuishia hapo na kila mtu akafurahi. Lakini kuna nukta moja ambayo msomaji wa Kiafrika hawezi kuipita. Sheria ile ile ya shirikisho ya mwaka 1902 iliyowapa wanawake haki ya kupiga kura, iliwanyima haki hiyo wenyeji asilia wa Australia, pamoja na wenyeji wa Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki isipokuwa New Zealand, ila kwa wachache waliokuwa na haki hiyo tayari katika majimbo yao. Yaani mlango ulifunguliwa na kufungwa kwa kalamu moja. Wanawake weupe wa Sydney waliingia, huku mwanamke mwenyeji ambaye mababu zake waliishi pwani hiyo kwa maelfu ya miaka akibaki nje, na Mwafrika aliyefika huko kama baharia au mfanyakazi akabaki nje pamoja naye.

Je, hili linabatilisha juhudi za Louisa? Kwa mtazamo wetu, hapana. Lakini linatufunza mpaka wa ushawishi. Hoja kwamba anayetii sheria anastahili kushiriki katika kuitunga haina rangi. Ukiikubali kwa mwanamke mweupe, huna njia ya kuikataa kwa mwingine isipokuwa kwa kuacha kufikiri. Walioshawishika mwaka 1902 walishawishika nusu, kwa sababu walikuwa wamesikia sauti za baadhi tu ya watu. Wasiokuwa na jarida, klabu wala mashine hawakusikika.

Na kwa hakika, waliofungiwa nje walipopata chombo chao, walitumia mbinu zinazofanana na hizo. Tarehe 26 Januari mwaka 1938, wakati mji wa Sydney ulipokuwa ukisherehekea miaka 150 tangu Waingereza walipofika, wenyeji asilia walikutana katika ukumbi ulioko mtaa wa Elizabeth wakiongozwa na Jack Patten na William Ferguson, na kuitangaza siku hiyo kuwa ni siku ya maombolezo. Waliichukua sherehe ya wenye nguvu na kuwageuzia wenyewe waione kwa jicho la pili, kama vile Louisa alivyowageuzia wapiga chapa hoja yao. Walitoa kijitabu cha madai yao, na miezi michache baadaye Patten akaanzisha gazeti. Mwenzao Pearl Gibbs alizungumza redioni mwaka 1941 kutetea haki za watu wake. Haki ya kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho iliwafikia wenyeji wote mwaka 1962, miaka 60 kamili baada ya wanawake weupe.

Kwa kutupia jicho maisha ya Louisa Lawson tunaona kuwa ushawishi wa kweli hauko katika ukali wa sauti wala wingi wa maneno ya mapambo. Uko katika kumjua unayesema naye, kumfuata alipo, kumwonyesha kwa vitendo, kumwekea mbele imani yake mwenyewe na kumpa muda wa kufika. Na zaidi ya hayo uko katika kumwachia nafasi mwingine naye aseme. Katika zama hizi ambapo kila mtu ana simu mkononi na anaweza kusema na dunia nzima, vyombo vya kusemea vimekuwa vingi kuliko wakati wowote. Lakini swali ambalo Sydney ililiacha bila ya jibu mwaka 1902 lingalipo mbele yetu sote: tunapofurahia kusikilizwa, ni nani bado yuko nje ya mlango?